Swali la Mvua Kwenye Foleni ya Mkate

Lanvezeg, 17 Machi 1974

Mdogo wangu Soizig,

Mimi kaka yako Goulven Kerjean nimetimiza miaka themanini na mitatu wiki iliyopita, na bado napanda ngazi ya ghala bila kushika ukuta. Vita viwili vimenipita. Nimezika mke mmoja, Mungu amlaze pema, mapadri watano, farasi watatu, na yule daktari aliyenikataza mvinyo wa tufaha. Mwalimu wetu alisema sitajua kuandika maisha yangu yote. Naye nimemzika, na barua hii hapa.

Huku hatujambo. Mwanangu Hervé amenunua trekta jekundu na analiendesha kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Zile mboga zetu, artichoki, zimetoka vizuri, zangu kubwa kuliko za Jobig fundi wa mapaa, ingawa yeye anadai tumepima kwa macho yangu. Kuku mmoja amekufa. Si uzee, ni ujinga. Nawe hujambo? Shemeji Baptistin bado kiziwi, au anajifanya?

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu, ingawa si neno kubwa.

Kuna mwanamke wa huko kwenu amekuja kupanga nyumba ya marehemu mpiga kengele wa kanisa. Anaitwa Bibi Honorine Fabrègue, mjane wa mkuu wa stesheni. Ana ile sauti ya watu wa kusini, inapanda na kushuka kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Jumanne nilikuwa dukani kwa Mama Kervella, kwenye foleni ya mkate. Nje manyunyu. Mimi kwa adabu nikasema: manyunyu. Foleni ikaitikia: ndiyo, manyunyu. Mambo yalikuwa yamekwisha hapo, kama yanavyokwisha siku zote. Ndipo mwanamke huyo akanigeukia.

"Na wewe Bwana, unapenda mvua au unapenda jua?"

Soizig, foleni nzima iligeuka. Mama Kervella alibaki ameshika mkate kama mshumaa. Unajua kwetu. Hali ya hewa tunaitaja, hatuulizani kama tunaipenda. Ni sawa na kumwuliza mtu kama anampenda mama mkwe wake: anaishi naye, basi. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata marehemu mke wangu Fanchon. Hata jeshini, ambako waliniuliza mpaka ukubwa wa kichwa.

Nikajibu bila kutetereka: jua. Maana yeye ni mgeni kutoka kwenye jua, na Kerjean hamvunji mgeni moyo. Akatabasamu, akasema ajabu, yeye anapenda mvua. Nikaona huyu ni mwanamke mwenye malezi, amenirudishia heshima kwa heshima.

Niambie tu, kwa ajili ya elimu: huko kwenu swali hilo lina maana gani? Mtu akishaulizwa, anatakiwa afanye nini? Mimi halinisumbui. Nauliza kwa niaba ya foleni.

Kaka yako mwenye nguvu zake,
Goulven


Nîmes, 5 Aprili 1974

Kaka yangu Goulven,

Nimefurahi kusikia unapanda ngazi. Kumbuka na kushuka. Baptistin anakusalimu. Ni kiziwi kweli, ila kizibo cha chupa anakisikia kutoka chumba cha tatu. Mjukuu wangu Magali amepata kazi kwenye duka la viatu na amechumbiwa mara mbili, zote na mtu yuleyule. Milozi imekwisha kutoa maua.

Swali lako. Huku kumwuliza mtu anapenda hali gani ya hewa ni kama huko kwetu kumsogezea kiti karibu na moto. Nilipoletwa hapa bi harusi, mama mkwe aliniuliza nikiwa bado mlangoni na sanduku mkononi: wewe unapenda joto au unapenda upepo? Watu hukaa barazani jioni nzima wakibishana. Huyu anautetea upepo wa kaskazini utadhani ni mjomba wake, yule analia na Agosti, mwingine anasema bora vuli kuliko nyinyi wote. Wakinyanyuka hapo wameshajuana. Anayeuliza anataka kukujua, si zaidi. Na anayejibu anatakiwa aseme kweli, maana ni kweli iliyo rahisi kuliko zote duniani.

Wewe umesema uongo, kaka. Wewe na jua wapi na wapi? Wewe uliyekuwa ukijibanza nyuma ya ng'ombe mwezi wa Julai upate kivuli chake? Nenda kesho asubuhi umwambie: samahani Bibi, ulimi uliteleza. Uongo wenyewe bado mchanga, ung'oe kabla haujatia mizizi.

Huyo Bibi Fabrègue ana umri gani? Anavaa nini? Kwa ajili ya elimu tu.

Manyunyu yakitoka upande wa magharibi bado yananukia mwani? Kama huna nafasi usijibu.

Dada yako,
Soizig


Lanvezeg, 26 Mei 1974

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Hervé aliliingiza trekta mtaroni. Mimi niliwaelekeza watu jinsi ya kulitoa, nikiwa nimesimama mahali pazuri, na likatoka. Wapo wanaosema lingetoka hata nisingekuwepo. Watu wana midomo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Kerjean harudishi neno alilolitoa mbele ya mikate. Nikisema nilidanganya kuhusu jua, kesho foleni itasema nimedanganya na kuhusu artichoki. Isitoshe mambo yanakwenda vizuri. Kila Jumapili baada ya misa, Bibi Honorine na mimi tunatembea mpaka kwenye kisima cha mtakatifu na kurudi. Jua likiwaka anasema, twende tukae juani, Bwana Kerjean, hali yako ya hewa imefika. Basi tunakaa juu ya ukuta wa makaburi, nami navua kofia kuonyesha jinsi ninavyolipenda. Pua imechubuka na kupona na kuchubuka. Hervé anasema nafanana na kaa aliyechemshwa.

Mvua ikinyesha ni zamu yangu ya kumheshimu. Namwambia, twende tukalowe, Bibi, hali yako imefika. Naye anatembea bila mwavuli, uso ameuinua juu, anacheka peke yake. Maskini, anavyojitahidi. Mwanamke wa jua kujilazimisha hivyo ili kutufurahisha sisi wenyeji! Adabu ya namna hiyo sijapata kuiona.

Umri: sabini na moja. Anavaa koti la bluu lenye vifungo vya mbao, na kitambaa cha shingoni cha manjano, na Jumapili kile cha kijani. Sikuangalia sana.

Ananiita Bwana Kerjean, nami namwita Bibi, kwa hiyo usianze kufikiria mambo. Ila liko moja. Mkataba wa nyumba ya mpiga kengele unaisha siku ya Watakatifu Wote. Nyumba yake ya huko kwenu bado ipo, na mwanawe anamtaka arudi. Akienda ameenda. Foleni itapungua na tutapata mkate mapema. Nimekuwa nikiwaza jinsi tutakavyopata mkate mapema, mpaka chakula hakipiti.

Manyunyu yananukia kama zamani. Kwa nini unauliza?

Goulven


Nîmes, 10 Julai 1974

Kaka,

Joto limetua. Madirisha tunayafunga tangu asubuhi, tunaishi gizani kama viazi. Baptistin amehamishia kiti chake kwenye stoo ya mvinyo, anasema ni kwa ajili ya hewa.

Barua yako nilimsomea Magali. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Ana miaka kumi na tisa, na kwa mstari ule wa vitambaa vya shingoni peke yake ameelewa jambo ambalo wewe hujalielewa tangu Machi. Nakuandikia kwa herufi kubwa, miwani yako naijua: UNAMPENDA. Mwambie kabla ya Watakatifu Wote. Anza na lile la jua, maana mwanamke atamjibuje mtu asiyemjua hata anapenda hali gani ya hewa.

Na je, kama mvua anaipenda kweli? Umewahi kumwuliza?

Soizig


Lanvezeg, 22 Septemba 1974

Soizig,

Barua yako ya Julai niliifungua, nikaona zile herufi kubwa, nikaikunja tena na kuiweka nyuma ya saa ya ukutani ikae huko mpaka ipate adabu. Ndiyo sababu ya kimya changu. Mimi ni mjane mwenye heshima na benchi langu kanisani. Jambo hilo sitalijadili.

Kuku wanataga. Hervé hajambo.

Leo naandika kwa sababu nahamia kwenu.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Jumapili ya kwanza ya mwezi huu tulikuwa ukutani juani, mimi najioka kama kawaida, Bibi Honorine akasema amefikiri sana. Mkataba hatauongeza. Mtu anayelipenda jua kama mimi, akasema, ni dhambi kumwacha amalizie miaka yake chini ya mawingu. Nyumba yake ya kusini ina vyumba viwili vya upande wa jua na baraza lisilo na kivuli hata cha paka. Akaniambia twende wote, nikapate jua langu mpaka nishibe. Alisema huku anatazama chini na macho yake yamelowa, nikajua ni furaha ya kurudi nyumbani.

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba Kerjean hawaishi ng'ambo ya mto Loire, ukikuacha wewe, na tunajua wewe ulivyo. Badala yake nikasikia mtu anasema: kwa furaha, Bibi. Nikageuka kumtafuta. Kumbe ni mimi.

Kijiji kizima kimeshajua. Mama Kervella amelia ndani ya unga. Jobig ameniuliza artichoki atazilinda nani, nikamwambia mtu apendaye jua hageuki nyuma. Treni ni tarehe thelathini na moja Oktoba. Hervé ananitazama kama tunavyomtazama ng'ombe anayepelekwa mnadani.

Nitavumilia. Nimevumilia mahandaki, nimevumilia mahubiri ya padri wa tatu. Yeye atapata jua lake na mimi nitakuwa upande ule aliko. Nimeandika vibaya, wino umenitangulia. Nitafutie kofia kubwa.

Kaka yako asiyerudisha neno,
Goulven


Nîmes, 8 Oktoba 1974

Goulven,

Wote hawajambo. Salamu zimeishia hapo.

Kofia sikutafutii. Stesheni siji. Ukishuka kwenye treni utanikuta sipo.

Nimekaa huku miaka hamsini na miwili. Kila mwaka hakosekani mtu wa kuniuliza, Soizig, wewe unapenda hali gani? Nami husema jua, jua, jua. Siku naondoka ulisimama mlangoni ukasema nitaililia mvua, na nisingekupa raha hiyo hata kwa dawa. Baptistin mwenyewe hajui. Sasa nawe unataka kuja kuweka kiti karibu na changu, tudanganye wawili.

Nimeyaandika, na siyafuti kwa kuwa karatasi imebaki hii moja.

Mwulize huyo mwanamke. Sisemi umwambie, nasema umwulize. Yeye alikuuliza siku ya kwanza kukuona. Wewe kwa miezi yote hii unamtembeza kwenye mvua kama bata, na hujawahi kumwuliza chochote. Mtazame usoni, uliza, kisha ufunge mdomo mpaka amalize. Najua hilo la mwisho ndilo gumu.

Huku haijanyesha tangu Juni.

Soizig


Lanvezeg, 4 Novemba 1974

Mdogo wangu Soizig,

Huku hatujambo kupita kiasi. Hervé hajambo, na utamwona mwenyewe kabla karatasi hii haijakauka, kwa sababu nitakazokueleza. Kaa kwenye kiti, mpe Baptistin kizibo achezee, usikilize.

Jumatano, siku moja kabla ya safari, nilikwenda dukani kwa Mama Kervella. Duka lilijaa mpaka mlangoni, watu wamekuja kutuaga na wengine kuniangalia nitakavyolia. Nje manyunyu. Bibi Honorine alikuwa mbele yangu na koti lake la bluu. Barua yako ilikuwa mfukoni, nayo ilikuwa inanichoma ubavu kama kiazi cha moto. Mtu akasema manyunyu, foleni ikaitikia manyunyu. Nami nikasema, kwa ile sauti niliyokuwa nikiitia ng'ombe:

"Bibi Honorine, wewe mwenyewe unapenda hali gani ya hewa?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake siku ya kuagana. Akasema alishaniambia Machi, papo hapo aliposimama, na watu wote hawa walisikia: mvua. Nikasema, tuweke adabu pembeni. Akauliza adabu gani. Kisha nikafunga mdomo kama ulivyoniagiza, naye akaeleza, na mwanamke wa kusini akieleza anaeleza. Kwamba kila kiangazi cha maisha yake alikaa nyuma ya madirisha yaliyofungwa akingoja jioni. Kwamba mumewe alipofariki alifungua ramani akatafuta mahali pa Ufaransa ambapo jua halina nguvu, kidole kikaangukia kwetu. Kwamba siku ya kwanza alipolowa hapa alirudi ndani akacheza peke yake jikoni. Na kwamba Jumapili zote za jua alizokaa juu ya ule ukuta wa makaburi alikuwa anakaangika, na alikaangika kwa hiari.

Nikamwuliza, sasa kwa nini tunaondoka?

"Kwa ajili yako, kichwa cha gogo wewe. Si unapenda jua?"

 Hapo nikafanya jambo ambalo hakuna Kerjean aliyewahi kulifanya, na bila kujisifu, nililifanya vizuri kuliko ambavyo mtu mwingine yeyote angeliweza. Nilivua kofia. Nikasema nilidanganya. Jua silipendi, halijawahi kunipenda, tazama pua.

Kama ulidhani ataniangukia kifuani, hata mimi nilidhani hivyo. Aliurudisha mkate mezani. Alisema maneno ya kwao ambayo sikuyajua, ila Mama Kervella alifanya ishara ya msalaba. Akatoka. Nikamfuata. Foleni ikanifuata na mikate kwapani, na waliokuwa hawajanunua wakafuata bila mikate. Akavuka njia, akaingia kwake, akafunga nusu ya chini ya mlango, kisha nusu ya juu.

Nikabisha.  Nikabisha tena. Sauti ikatoka ndani:

"Upepo?"

Sikuelewa. Jobig alikuwa juu ya paa la kanisa hapo jirani anarekebisha vigae, akapaza sauti kutoka huko: anakuuliza kama unapenda upepo, mzee, jibu, na mara hii usijibu la kumfurahisha mtu.

Basi nikajibu. Nikasema upepo siupendi, uliwahi kuchukua bati la zizi langu ukampelekea jirani, naye akasema amejaliwa. Akauliza theluji. Nikasema inanitisha, kwa sababu inakuja bila sauti. Hilo, Soizig, sijawahi kumwambia mtu. Akauliza radi. Nikasema radi naipenda, tunaongea lugha moja. Nikasikia ndani kama mtu anayebana kicheko puani, na nusu ya juu ya mlango ikaachia upana wa kiganja. Akauliza baridi kavu ya Januari. Nikasema mimi naikubali, magoti ndiyo yanayoikataa. Akauliza mvua ya mawe, nikasema ni adui wa artichoki, kwa hiyo ni adui wangu. Akauliza mvua yenyewe, ya kawaida. Nikasema nikiwa peke yangu ni mvua tu, sikuwa nimeiangalia mpaka nilipomwona mtu anaipokea kwa uso. Nyuma yangu mama mmoja akaanza kupenga kamasi.

Kisha akauliza ukungu.

"Ukungu naupenda sana," nikasema.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema jambo lolote. Nusu ya parokia ilikuwa mgongoni kwangu, na mimi nina benchi langu kanisani. Nikasema:

"Kwa sababu kukiwa na ukungu napita mbele ya nyumba yako kiasi ninachotaka, na hakuna anayeniona."

 Halafu Jobig, kutoka juu:

"Mzee, ukungu haufiki huku kwenye paa. Nimekuona kila siku."

Soizig, njia nzima ilicheka. Walicheka mpaka mikate ikaanguka chini, mbwa wa Hervé akapata karamu. Mimi nilisimama wima katikati ya kicheko hicho kama askari, masikio yanawaka. Na humo ndani nikamsikia anacheka vilevile, kile kicheko cha peke yake cha mvuani, ila mara hii hakuwa peke yake. Nusu ya chini ikafunguka.

"Ingia, Goulven," akasema. "Unalowa."

Hakusema Bwana. Mama Kervella amehakikisha, kila mtu amesikia, hakusema Bwana.

Mkataba wa nyumba ya mpiga kengele hautaongezwa, kwa sababu hauhitajiki. Nyumba yangu ina vyumba vya kutosha na paa linalovuja mahali pazuri. Padri atatuoza kabla ya Noeli. Tiketi za treni nimezibadilisha tarehe na kuwapa Hervé na mkewe. Watakufikia na kikapu cha artichoki, zile kubwa. Wakirudi, nawe panda nao, na Baptistin aje na kiti chake. Chumba cha upande wa magharibi kimefagiliwa, na dirisha lake halifungi vizuri. Hapa hakuna atakayekuuliza unapenda nini, na mimi yale niliyosema mlangoni siku ile sitayataja. Utalowa tu, utakula.

Kama unaona nimeongeza chumvi, muulize Mama Kervella, ambaye aliacha oveni na kuunguza mikate yote ya jioni, na anasema hajutii hata mmoja. Muulize Jobig, aliyeona kila kitu kutoka juu na hajawahi kunipendelea. Muulize Honorine mwenyewe, yuko hapa mezani anasoma juu ya bega langu, na ameniamuru nifute neno moja tu, nimekataa. Padri usimwulize. Hakuwepo, ingawa kisa hiki anakisimulia vizuri kuliko sisi sote.

Goulven